Mabweni yawekwe kengele za moshi

Mhariri,

Septemba 2020 wanafunzi 10 walikufa kwa moto bwenini wilayani Kyerwa, Kagera. Septemba 2024 wenzetu wa Nyeri, Kenya, walipoteza 21. Mikasa yote miwili ilitokea usiku.

Aliyelala haamshwi na harufu ya moshi. Moshi wenyewe humlevya. Kengele ya moshi hulia mapema, mlango ukiwa bado unapitika. Ifungwe kwenye dari, mbali na jiko, isije ikalia ovyo hadi watu waichomoe betri. Ijaribiwe kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake, na ikifikisha miaka 10 ibadilishwe.

Lakini kengele peke yake haitoshi. Mlango ukitiwa kufuli kwa nje na madirisha yakiwa na nondo, itawaamsha watoto wafe huku wakiona. Kwa hiyo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapokagua shule likague kengele, betri na funguo kwa pamoja. Bweni litakaloshindwa lisilaze mtoto hata usiku mmoja.

Mzazi,
Morogoro