Baiskeli yenye springi mbele: tazama kabla ya kulipa

Juma hili tunajibu ulizo la kikundi kimoja. Pesa ya likelemba imefika zamu yao, na wanataka kununua baiskeli mbili za mlima zilizotumika Ulaya, zile zenye miguu minene mbele inayobonyea. Moja ni ya watoto kwenda masomoni, nyingine ya kupeleka bidhaa sokoni. Wanauliza: hiyo miguu ya mbele ni faida ao ni pambo?

Jibu letu: ikiwa nzima, ni faida. Ikiwa imekufa, ni mzigo wa chuma, na mara nyingine ni hatari kwa meno ya mtoto. Kutofautisha kunaomba dakika kumi na kitambaa kikavu.

Kifaa chenyewe ni nini

Baiskeli ya kawaida ina uma wa mbele usiocheza: miguu miwili inashuka toka shingo, gurudumu linakaa katikati. Kwa uma wa springi, kila mguu ni bomba mbili. Bomba nyembamba inayong'aa inaingia ndani ya bomba nene. Gurudumu likipiga jiwe, nyembamba inazama ndani ya nene kisha inarudi, na mikono haiumii.

Kampuni ya Marekani iitwayo RockShox ilianza kuuza uma wa namna hiyo karibu na mwaka 1990, Manitou ikafuata, na katika miaka ya 1990 zilienea sana. Ndiyo sababu baiskeli inayoletwa sokoni leo inaweza kuwa na umri kupita mama anayeinunua.

Jamaa tatu

Kwanza, uma wa hewa. Juu ya mguu kuna valvu. Inaomba pompa ndogo ya pekee yenye kipimo. Pompa ya kawaida ya magurudumu haifai. Kama hakuna pompa hiyo karibu nanyi, acheni.

Pili, uma wa vipande vya mpira vilivyopangwa mmoja juu ya mwingine. Nyingi za miaka ya 1990 ni hivyo, kama Judy ya RockShox iliyotoka mwaka 1995. Mpira unazeeka: unakuwa mgumu kama jiwe, ao unanata kama utomvu na kuvunjika vipande. Kupata vipya ni vigumu.

Tatu, uma wa springi ya chuma. Hii ndiyo inayopatikana sana kwa baiskeli za bei ndogo. Springi yenyewe haichoki upesi. Kinachoiua ni kutu na kukosa grisi, na fundi mzuri anaweza kuiamsha. Mara nyingine springi iko katika mguu mmoja tu. Usishangae, ilitengenezwa hivyo.

Ukiona valvu juu, ni hewa. Ukiona kifuniko cha kuzungusha chenye alama za + na −, mara nyingi ni springi ao mpira. Muombe fundi akifungue mutazame ndani. Uma wa hewa usifunguliwe kabla ya kutoa hewa yote, kwani kifuniko kinaweza kuruka usoni.

Namna ya kukagua

1. Panguza bomba zinazong'aa, kisha pitisha ukucha toka juu mpaka chini. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo ao kutu, mipira ya kuzuia vumbi itakatika.

2. Tazama pale miguu inapoungana juu, daraja linaloiunganisha juu ya gurudumu, na pale ekseli inapokaa. Mstari usiotoka kwa kitambaa unaweza kuwa ufa. Kama ni ufa, acheni baiskeli hiyo hata wakiitoa zawadi. Uma ukivunjika kwenye mteremko, gurudumu linabaki nyuma na mtoto anaanguka kwa uso.

3. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, na weka kidole pale nyembamba inapoingia ndani ya nene. Ikigonga hapo, vikombe vya ndani vimelika. Rudia na kidole kwenye shingo: ikigonga huko, ni shingo inayohitaji kukazwa, kazi ndogo tu.

4. Egemea usukani kwa uzito wako wote. Uma unapaswa kuzama na kurudi. Usipozama, kuna kutu ao mpira uliokufa. Ukirudi kwa kuruka kama balo, hakuna mafuta ya kuupunguza mwendo, na kwa njia mbaya utarusha usukani.

5. Andika jina lililo kwenye uma na upana wa bomba inayong'aa, kwa mfano milimita 28, 30 ao 32. Bila kipimo hicho fundi hawezi kutafuta mipira inayofaa.

Kuutunza

Baada ya tope, panguza bomba zinazong'aa kwa kitambaa. Usipige maji ya nguvu hapo, yanaingiza mchanga ndani.

Wakati wa mvua, kila miezi miwili ao mitatu, fundi aufungue. Chini ya kila mguu kuna skrubu, mara nyingi ya ufunguo wa pembe sita wa milimita 5 ao 6. Anailegeza mizunguko michache bila kuitoa, anagonga polepole kwa kipande cha mti, kisha anaitoa na kuvuta bomba nene chini. Grisi nyeusi ipanguzwe yote, ndipo ipakwe mpya iliyo safi.

Mkataze kuosha mipira kwa esansi ao mazutu, kwani inavimba na kuharibika. Mafuta ya injini yaliyotumika yasiingie ndani. Grisi isiguse ringi wala breki, maana baiskeli isiyosimama ni mbaya kupita isiyobonyea.

Kama umekufa

Msione haya kuweka uma wa kawaida wa chuma. Kwa ile ya sokoni ndiyo bora: mzigo uliofungwa juu ya usukani unabonyeza springi mpaka mwisho, na haifanyi kazi tena. Tazameni chukudu za Goma, zinabeba mamia ya kilo kwa uma wa mti tu.

Lakini pimeni kabla ya kununua uma huo. Bomba inayopita shingoni inaweza kuwa na milimita 25,4 ao 28,6, na haziingiliani. Angalieni pia kwamba una mahali pa kushika breki yenu, na kwamba urefu hautofautiani sana na ule wa zamani, bila hivyo baiskeli itainama mbele.

Kwa kikundi kilichouliza: pelekeni wamama wawili na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Hesabuni bei ya baiskeli pamoja na bei ya uma mpya. Jumla ikipita pesa ya zamu yenu, ngojeni baiskeli nyingine. Pesa ya likelemba ni jasho la wengi.