Kabla ya Kisu: Kuku Wetu Aliishi Vipi?



Muislamu wa miji yetu ya pwani anaponunua kuku sokoni huuliza swali moja: nani aliyemchinja? Swali hilo ni la haki, wala hatutaki lipungue. Linalotushangaza ni kuwa akishajibiwa hunyamaza. Haulizi kuku yule alilala wapi, alilishwa nini, wala kama zilikwisha zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa aliyopewa.

Waliotutangulia hawakunyamaza. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) alipoletewa chakula chenye nyama ya kuku, na mtu mmoja akajitenga kwa kuwa aliwahi kumwona kuku akila kitu kilichomchukiza. Abu Musa alimkaribisha, akamweleza kuwa alimwona Mtume (s.a.w.) akimla. Kuku basi ni halali bila ya shaka. Hata hivyo wanazuoni walilitazama kwa makini suala la mnyama anayekula najisi, na imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Na katika hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), aliyoipokea Muslim, tumefundishwa ihsani katika kila jambo, hata katika kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Sisi tunaona ihsani hiyo haianzii kooni.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye ua, hata ukiwa mdogo, wafuge kuku wa nyama kwenye majani. Hatumkusudii kuku wa kuzurura, kwani huyo huishia jalalani na kuturudisha kwenye suala lile lile la Ibn Umar. Tunakusudia banda la kusogeza: fremu ya mbao isiyo na sakafu, upana futi 4, urefu futi 6, kimo futi 2, iliyozungushiwa wavu na kuezekwa makuti. Kuku 12 hawabanani humo. Kila asubuhi banda husogezwa urefu wake mzima, kuku wakapata majani mapya, na kinyesi kikabaki nyuma kurutubisha ardhi. Joel Salatin, mkulima wa Virginia, Marekani, aliueneza utaratibu huu kwa kitabu chake cha mwaka 1993. Mabanda yake ni makubwa, na moja huchukua kuku wapatao 75.

Vifaranga hulelewa ndani kwa wiki 3 hivi, wakianza na joto la nyuzi 32 hadi 35, likipunguzwa taratibu mpaka waote manyoya. Chanjo ya kideri isiachwe. Wala mtu asidanganyike kuwa majani pekee yatamnenepesha kuku huyu. Bado anahitaji chakula kamili cha mahindi, soya, mashudu na dagaa.

Nasi hatutaficha gharama. Kuku wa kufungiwa huuzwa baada ya wiki 5 au 6. Wetu walifika wiki 8, na chakula kilituzidi bei. Jua la Februari liliua wawili kabla hatujaongeza makuti. Kicheche alifukua chini ya fremu akachukua watatu usiku mmoja, na tangu hapo tunapanga mawe pembeni. Saba waliobaki walikuwa wakiparura na kuoga vumbi, ilhali wenzao wa mabanda ya kufungwa hushinda wamelala mbele ya chombo cha chakula.

Imamu mmoja ametuuliza kama uwanja ulio nyuma ya msikiti wake wafaa kwa kazi hii. Majani yapo. Yatazamwe kwanza masharti ya wakfu, kisha apatikane mtu wa kusogeza banda kila siku baada ya sala ya Alfajiri, hata katika mvua za masika.