Sarafu Sita za Mfuaji Nguo

HESABU ZA NYUMBANI
Na Zuhura Mlelwa

Vyuo vimefunguliwa na maombi yameanza kuingia kwenye simu. Mtoto wa binamu amepata nafasi ya uuguzi, kijana wa jirani amechaguliwa ualimu, na kundi la wahitimu linachangisha fedha za ukumbi wa chuo. Mwenye mshahara wa kawaida, ambaye tayari ana wazazi wa kuwatunza, zaka au fungu la kumi, misiba na kadi za harusi, ana haki ya kuuliza: vyuo navyo niviweke kwenye sadaka zangu? Mimi nasema aviweke, ila si kila chuo, wala si kila ombi.

Katika jambo hili mwalimu wangu ni Osceola McCarty, mfuaji nguo wa mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi nchini Marekani. Alizaliwa 1908. Aliacha shule darasa la sita ili amuuguze shangazi yake, na tangu hapo akawa anafua na kupiga pasi nguo za watu, hadi mikono ilipokataa kwa ugonjwa wa viungo akiwa na miaka 86. Hakuolewa, hakuzaa, hakuwahi kumiliki gari. Alichopata alikula kidogo, kingine akapeleka benki. Uzee ulipomfika, ofisa wa benki alimpangia mezani sarafu kumi, kila moja ikisimama badala ya sehemu ya kumi ya akiba yake, akamwomba azigawe atakavyo. Moja akaitenga kwa ajili ya kanisa. Tatu akawapa jamaa zake watatu, kila mmoja yake. Sita zilizobaki akasema ziende Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, hapo hapo mjini, zisomeshe vijana wasio na uwezo. Zilikuwa dola 150,000, na habari hiyo ilitangazwa 1995.

Chuo hicho hakikupokea mwanafunzi mweusi hata mmoja hadi 1965. McCarty alikuwa mweusi. Mlango ulipofunguliwa yeye alikuwa na miaka 57 na bado yuko kwenye beseni la kufulia. Hakuwa na deni lolote la fadhila kwa chuo kile. Sisi tukiombwa mchango wa chuo, swali la kwanza huwa ni kilitufanyia nini, na aliyesoma kwa taabu hukunja uso. McCarty aliwatazama watakaokaa kwenye madawati yale baada yake, akataka wapate nafasi ambayo yeye hakuipata. Kwangu hicho ndicho kipimo cha haki, na ninakitaka kwa kila mtu mwenye kipato, awe amesoma chuo au hakukanyaga.

Tazama pia mpangilio wake. Kanisa lilipata, jamaa walipata. Chuo hakikula fungu la ndugu. Wengi wetu hatuwezi kufika sarafu sita, na si lazima. Hata nusu ya sarafu moja kati ya kumi, ikitoka kila mwaka, itafanya kazi.

Iende wapi? Nchini kwetu Tanzania ada zimehama. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 Serikali ikatangaza kuifuta ya kidato cha tano na sita. Wanafunzi wa vyuo vikuu wana Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005. Haimtoshelezi kila mwombaji, lakini ina mlango wa kubisha. Mzigo umebaki kwenye vyuo vya kati: uuguzi, utabibu, kilimo, maabara, ufundi. Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada, tena kwa fani zilizochaguliwa. Wa astashahada anategemea ng'ombe wa baba, au kiwanja cha mama. Ada hulipwa kwa awamu, na mara nyingi asiyemaliza awamu ya mwisho hapewi kibali cha mtihani. Kijana aliyekwisha kusoma miaka miwili na zaidi anarudi nyumbani kwa deni linaloweza kuwa dogo kuliko tunavyochanga kwenye harusi mbili tatu. Jambo hilo linaniuma kuliko mengi ninayoyaandika hapa.

Ndiyo maana sipeleki fedha kwenye ukumbi. Majengo yana heshima yake: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Lakini ukumbi unaweza kusubiri bajeti ya Serikali au mfadhili mwenye mali. Mtihani una tarehe.

Wapo watakaoniambia kwamba sadaka ni ya mgonjwa na yatima. Mgonjwa anayehitaji dawa usiku huu nitamtanguliza, bila mjadala. Ila dharura haziishi, na anayengoja ziishe ndipo asomeshe hatamsomesha mtu. Tena mgonjwa huyo huyo atahitaji muuguzi zahanati, na muuguzi hatoki popote ila chuoni.

Wengine wameumizwa na matapeli, na hofu yao ni halali. Usitume fedha kwa simu ya kijana, hata ukimpenda. Nenda ofisi ya uhasibu ya chuo kilicho karibu nawe, omba kuonyeshwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaodaiwa kiasi kidogo, kisha lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya mwanafunzi mwenyewe na uondoke na stakabadhi. Kama deni ni kubwa kwako, tafuteni watu watatu au wanne wa kikoba chenu mligawane. Fanyeni mapema, kabla orodha ya watakaofanya mtihani haijabandikwa ubaoni.