CHA WOTE NACHO KINA SHARTI

Mkulima wa Ruangwa apelekapo korosho zake ghalani hupewa stakabadhi. Karatasi ile ni ndogo, lakini masharti yake ndiyo ngao ya mkulima. Wananchi wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ambao ushirika wao ni RUNALI, wanajua ya kuwa mali ya ushirika si mali isiyo na mwenyewe. Ni mali ya wote yenye kanuni.

Twakumbusha hayo kwa kuwa kazi za nchi sasa zimeingia katika kompyuta. Taarifa za zahanati zetu, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, hukusanywa kwa programu iitwayo DHIS2, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakashiriki. Hiyo ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Hata simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu zaendeshwa kwa Linux, kazi huria iliyoanzwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Wako ndugu wasemao kwamba kitu cha bure hakina sheria. Hilo ni kosa. Leseni ya DHIS2 yakataza kufuta ilani na majina ya wenye kazi. Leseni ya Linux, iitwayo GPL, yaenda mbali zaidi: mwenye kuigawa programu, kwa bei au bure, sharti awape wapokeaji maandishi yake, pamoja na mabadiliko aliyoyatia, kwa ruhusa zile zile alizopewa yeye. Aliyepokea kwa ushirika asigeuke mnyonyaji wa wenziwe.

Wengine husema hakimiliki ni silaha ya mabepari, na heri tuitupe. Twawajibu kuwa hapa silaha imegeuzwa upande. Avunjaye sharti hupoteza ruhusa, na asiye na ruhusa amevunja hakimiliki. Mwaka 2004 mahakama ya Munich iliizuia kampuni ya Sitecom kugawa programu ya GPL bila kutimiza masharti. Mwaka 2008, katika shauri la Jacobsen na Katzer, mahakama ya rufani ya Marekani ilikubali kwamba masharti ya leseni huria hulindwa na sheria ya hakimiliki, ijapokuwa hakuna fedha iliyolipwa. Na Februari 2024 Mahakama ya Rufani ya Paris iliiamuru Orange, kampuni kubwa ya simu, kuilipa Entr'Ouvert, ushirika mdogo wa wafanyakazi, Yuro 500,000 kwa hasara, mbali na fidia nyingine. Lakini shauri hilo lilifunguliwa mwaka 2011. Haki ilipatikana, ila ilitembea kwa miguu.

Kwetu msingi upo. Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 yazihesabu programu za kompyuta kuwa miongoni mwa maandishi yanayolindwa, na tangu mwaka 1994 nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, hata kazi za wageni zalindwa hapa na zetu zalindwa kwao. Udhaifu ni huu: kwa kawaida mwenye kushtaki kwa hakimiliki ni mwenye kazi, wala si mtumiaji. Muuguzi wa Nachingwea hawezi kusimama mahakamani kwa jina la mwandishi wa Oslo.

Kwa hiyo yatupasa kujilinda mapema. Halmashauri au chama cha ushirika kinapomlipa mkandarasi wa programu, mkataba utaje leseni, utake maandishi yote ya programu yakabidhiwe, na ukataze kufuta majina. Mkandarasi akichukua kazi huria, akaifunga na kutuuzia kama yake, tutamdai kwa mkataba wetu wenyewe, bila kumngoja mtu wa ng'ambo. Nao vijana wetu waandikapo programu, waweke jina, mwaka na leseni tangu siku ya kwanza.

Tena tuanze na sisi. Ofisi inayofuta jina la mwenye kazi ili ionekane imebuni haina uso wa kumlaumu bepari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ushirika wa kompyuta nao una daftari lake. Tulisome, tulitunze.