Swali la "ulitoa au ilitoka?" halijamponya mtu

Afya ya akili ya mama, sehemu ya 4

1/
Mara ya mwisho tuliongelea sonona baada ya kujifungua. Leo twende mahali ambapo wengi hatupendi kupagusa: mwanamke ambaye mimba yake haikufika mwisho. Iwe ilitoka yenyewe, iwe aliitoa. Nimewaweka pamoja makusudi, mtaona kwa nini. Kama limekupata hivi karibuni, soma taratibu. Ukizidiwa, weka simu pembeni, utarudi.

2/
Mtaani kuna maneno ya aina tatu. Wa kwanza wanasema ukitoa mimba lazima akili ikuruke, utasikia mtoto analia usiku mpaka unaingia kaburini. Wa pili wanasema ni kama kung'oa jino, ukilala ukiamka yameisha. Na yule ambaye mimba imeharibika yenyewe naye ana maneno yake: "Ilikuwa damu tu ile, utapata mwingine."
Jamani, yote matatu yanaumiza watu, na hakuna hata moja lililo kweli.

3/
Wataalamu wamelichunguza hili kwa miaka mingi. Mwaka 2011 muungano wa vyuo vya madaktari wa Uingereza ulipitia tafiti nyingi kwa pamoja. Ukaona kwamba kwa mwanamke mwenye mimba asiyoitaka, uwezekano wa kupata ugonjwa wa akili ni uleule, azae au atoe. Kilichotabiri zaidi nani ataugua baadaye ni kama alishawahi kuugua kabla.
Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafuatilia wanawake karibu 1,000 kwa miaka mitano. Wote walikwenda kutaka kutoa mimba katika vituo 30. Wengine walihudumiwa, wengine walirudishwa kwa sababu mimba ilikuwa imeshakua kupita kiwango cha kituo. Wiki ya kwanza, waliorudishwa ndio waliokuwa na wasiwasi zaidi. Baada ya muda makundi yote mawili yakalingana. Waliotoa hawakuugua sonona kuliko wenzao.

4/
Sasa msinikimbilie, mkasema "nesi kasema haina shida". Sikusema hivyo.
Wale wanawake waliingia kituo cha afya kwa mlango wa mbele, mchana. Huku kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu inampa mwanamke aliyejitoa mimba kifungo cha hadi miaka 7, na aliyemtoa hadi miaka 14, isipokuwa pale daktari anapookoa maisha ya mama. Kwa hiyo anayefanya hivyo huku anafanya gizani. Anaogopa kufa, anaogopa polisi, anaogopa mama mwenye nyumba ataona shuka. Wengine wanaishia na maambukizi ya kizazi na maumivu yasiyoisha. Mtu wa namna hiyo akivunjika moyo, usiseme haraka haraka "ni laana ya mimba ile". Angalia mzigo wote aliobeba, tena alivyoubeba peke yake.

5/
Na yule ambaye mimba ilitoka yenyewe? Huyu tunamsahau kabisa. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 15 huharibika. Maana yake kwenye kikoba chenu wamo, hata kama hawajawahi kusema.
Watafiti wa London waliwafuatilia wanawake zaidi ya 650 ambao mimba ziliharibika au zilitunga nje ya kizazi. Mwezi mmoja baadaye, 29 katika kila 100 walikuwa na dalili za mshtuko mkubwa wa akili, yaani tukio linawarudia ndotoni, wanashtuka ovyo, wanakwepa kila kinachowakumbusha. Miezi tisa baadaye, 18 katika kila 100 bado walikuwa nazo. Wewe ulimwambia "utapata mwingine" wiki ya pili.

6/
Hapo ndipo penye hoja yangu. Tukipata habari za mwanamke, swali letu la kwanza ni "alitoa au ilitoka?" Jibu ndilo linaamua apewe uji au apewe mgongo. Lakini akili haigawanyiki hivyo. Vinavyomwangusha mwanamke kwenye sonona ni vilevile pande zote mbili: aliwahi kuugua sonona kabla, anapigwa nyumbani, alibakwa, mwanaume kakimbia, alilazimishwa jambo ambalo hakulitaka, hana hata mtu mmoja wa kumwambia. Kuna msichana aliyetupiwa hela na kuambiwa "kaitoe hiyo" naye alitaka kuzaa. Kuna mke aliyeharibikiwa mara ya tatu na mawifi wanamwita mgumba. Niambieni, kati ya hao wawili nani hastahili huruma?

7/
Wenzangu wa wodini, hili ni letu. Lipo swali la tiba na lipo swali la hukumu, na yanafanana sana kwa maneno.
Swali la tiba linaulizwa faragha, kwa sauti ya chini: "Dada, umekunywa dawa yoyote au umeingiza kitu chochote? Nataka kujua ili nikutibu vizuri." Jibu lake lina kazi. Linatuambia kama anahitaji sindano ya pepopunda, kama kizazi kimetobolewa, kama kuna sumu mwilini.
Swali la hukumu linaulizwa kwa sauti kubwa mbele ya vitanda vingine: "Ulitoa? Sema ukweli!" Jibu lake siku zote ni hapana. Na tukidanganywa, tunatibu kwa kubahatisha. Aliyeona mwenzie akifokewa, siku yake ikifika atakaa nyumbani mpaka homa impande. Ukali wetu ndo unawachelewesha, na damu haisubiri.

8/
Mama unayesoma, shika hili: kumtibu mwanamke ambaye mimba imetoka, kwa namna yoyote ile, si kosa, ni huduma halali. Kimbia hospitali ukiona damu inalowesha pedi mbili kwa saa moja, tena kwa saa mbili mfululizo, au una homa, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo linauma na halitulii, kizunguzungu au kuzimia. Usingoje asubuhi.
Kingine ambacho hawakuambii: kama mimba ilishafika miezi minne hivi, maziwa yanaweza kutoka. Wengi linawaliza hilo kuliko damu. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha baridi, usiyakamue kila mara. Yatakauka. Na unaweza kushika mimba tena ndani ya wiki mbili tu, kwa hiyo kama hauko tayari, ulizia uzazi wa mpango kabla hujaruhusiwa.

9/
Kwa upande wa akili: siku za mwanzo homoni zinashuka ghafla, kulia ni kawaida. Kujisikia nafuu nako ni kawaida. Kulia na kujisikia nafuu siku moja, pia kawaida, huna kichaa.
Ikizidi wiki mbili na bado hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, unajiona hufai, hapo sio "kuwaza sana" tena, hapo ni ugonjwa na una tiba. Nenda kituo cha afya, waambie kama mnavyowaambia malaria. Hospitali ya wilaya ulizia huduma ya afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii. Kama ni binti chini ya miaka 18, namba 116 ni bure.
Mtu akikwambia anataka kufa, usimwambie aache upuuzi. Kaa naye, ondoa dawa na sumu karibu yake, mpeleke hospitali leo hii.

10/
Kina baba, zamu yenu. Chota maji, pika hata ugali unaoungua, msindikize kurudi kliniki. Usimharakishe kitandani, ngoja damu ikate na yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Na wewe kama unaumia, sema. Mimba ile ilikuwa yako pia.
Mama mkwe, maneno matatu yanatosha: "Pole, mwanangu. Pumzika." Habari za nani kalogwa na nani kalaaniwa ziache mlangoni.

11/
Najua wengine mtasema, "Nesi, na dhambi je?" Sikuombi uache imani yako, nami nina yangu. Anayetaka kuongea na Mungu wake anamjua padri wake, mchungaji wake au sheikh wake, na ataenda kwa miguu yake akiwa amepona. Lakini mtu anayevuja damu kitandani hatubu kwa kufokewa. Kwanza aishi. Toba inamhitaji mtu aliye hai.

12/
Kwa hiyo tufanye hivi. Ukisikia jirani, wifi, mdogo wako au binti wa kazi mimba yake haipo tena, meza lile swali la kwanza. Uliza mengine matatu: "Unaumwa wapi? Uko salama unapolala? Nani mwingine anajua, ili usibaki peke yako?"
Akijibu la tatu "hakuna anayejua", basi wewe umeshakuwa mtu wake. Kaa. Na atakachokwambia kisitoke hapo.

Sehemu ya 5 tutaongelea kina baba na sonona, maana nao wanaugua na hawasemi. Mpe mwenzio asome hii, hasa yule ambaye unahisi anaihitaji lakini hajakwambia.