Vijana wa Mombasa, samli tunayokula si samli

Mwezi uliopita nyanya yangu alinituma soko la Kongowea nimletee samli. Binamu yangu alikuwa anaoa kule Likoni, na nyanya ndiye aliyesimamia biriani, kwa hivyo hakutaka mchezo. Nilichukua mkebe wa kwanza nilioonyeshwa, umeandikwa samli kwa herufi kubwa, bei poa, nikarudi Kisauni nikijiona mjanja.

Nyanya alifungua kifuniko, akanusa, akanirudishia. “Mwanangu, haya ni mafuta tu. Samli hujulikana kwa harufu.”

Nilicheka, kisha nikasoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya mkebe. Mafuta ya mawese, rangi, ladha ya kutengenezwa. Maziwa hayamo hata tone.

Najua si mimi peke yangu. Wengi wetu tumelelewa kwa mkate uliopakwa kitu tunachokiita siagi, kumbe ni majarini ya mafuta ya mimea. Tumezoea jina, hatuulizi kilichomo.

Pwani haikuwa hivi. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kuhusu safari za baharini, kinataja samli miongoni mwa bidhaa zilizoletwa kutoka India hadi bandari za pembe hii ya Afrika. Karne nyingi baadaye, majahazi yalibeba samli ya wafugaji kutoka mwambao wa Banadir, Somalia, na wafugaji wa Tana River nao waliwauzia wafanyabiashara wa Pwani. Siagi huyeyuka na kuchacha upesi kwa joto letu hili. Samli, ikishachemshwa hadi maji yakaisha, hukaa miezi bila friji.

Siagi ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka wa 1925 walowezi wa Bonde la Ufa waliunda KCC, na siagi ya Kenya ikauzwa hadi Uingereza. KCC ikayumba miaka ya 1990, serikali ikaifufua kama New KCC mwaka wa 2003. Hata leo siagi hufuata mvua: maziwa yakipungua bara, yaliyopo huuzwa yakiwa mabichi na siagi huadimika.

Pengo hilo limezibwa na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Yanashukia bandarini petu, malori ya mafuta yanapita Changamwe kila siku kuelekea bara. Sitayalaani, kwa sababu ndiyo yanayokaanga viazi karai na mahamri yetu, na mama mwenye watoto watano hawezi kununua samli halisi kila wiki. Lakini kumbukeni 2022. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya kupikia duniani, kisha Aprili Indonesia ikazuia kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa. Maamuzi ya Jakarta yanafika hadi kwenye karai la muuza viazi wa Mtongwe.

Nao wafugaji wetu walikuwa taabani. Misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Ng’ombe akifa, samli imekufa pia.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilo moja ya samli huhitaji takriban lita 20 hadi 25 za maziwa. Ng’ombe wa kienyeji anayekamwa lita 2 kwa siku atahitaji siku 10 au zaidi. Hata ukihesabu lita moja kwa Sh50, maziwa pekee ni Sh1,000, kabla ya kuni, chupa na nauli. Kwa hivyo ukiuziwa “samli” kwa bei ya mafuta ya kawaida, jua umeuziwa mafuta ya kawaida.

Ninalotaka mimi ni mambo mawili. Kwanza, kitu kiitwe kwa jina lake. Kama ni mafuta ya mimea, maandishi hayo yawe makubwa upande wa mbele, kwa Kiswahili, si kufichwa nyuma.

Pili, Jumuiya ya Kaunti za Pwani, ambayo Mombasa na Tana River zote zimo, isaidie vikundi vya akina mama wafugaji kupata vyombo safi na alama ya ubora ya KEBS. Masika yakija, maziwa ya Garsen na Hola huwa mengi na mengine huharibika kabla ya kufika sokoni. Yakigeuzwa samli pale pale, yanasafiri kwa lori hadi huku bila barafu. Wateja wapo: arusi, halua, biriani za Idi. Nasi vijana wa Kisauni na Changamwe tunaolalamika hakuna kazi tuna simu na bodaboda. Kupakia, kutangaza na kusambaza hakuhitaji digrii.

Arusi ya binamu yangu ilipita salama. Nyanya alipata chupa mbili kwa mama mmoja anayeletewa samli na jamaa zake kutoka Tana River. Alihitaji nne. Zilizobaki alijaza kwa ule mkebe wangu, na hakumwambia mtu.