Dhamana ya simu ni sehemu ya bei, si fadhila ya muuzaji

BIASHARA ya simu za mkononi ni miongoni mwa biashara chache ambazo mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuuzungusha mara kadhaa kwa mwezi. Kariakoo jijini Dar es Salaam, na vivyo hivyo Luthuli Avenue jijini Nairobi, simu nzuri haikai rafuni. Lakini kila simu inatoka dukani na deni ambalo wauzaji wengi hawaliingizi katika hesabu zao, nalo ni dhamana. Simu ikiwa nzima, deni hilo halionekani. Ikikataa kuwaka siku ya tano, ndilo linaloamua nani amepata faida na nani amekula hasara.

Mzunguko unaolalamikiwa na wateja unajulikana. Mnunuzi anarudi na simu inayozima ovyo au isiyoshika chaji. Muuzaji anamwelekeza kwa wakala, wakala anamwelekeza kwenye kituo cha matengenezo, na kituo kinasema simu imeingia maji au imefunguliwa na fundi wa mtaani. Ikipokelewa, inakaa wiki kadhaa kisha inarudi na ugonjwa uleule. Anayebahatika kubadilishiwa huenda akapewa simu iliyorudishwa na mteja mwingine ikatengenezwa. Akizidi kulalamika, anaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Maandishi hayo hayamalizi shauri kama wauzaji wengi wanavyodhani. Nchini Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 imelifafanua jambo hilo zaidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, na kumlinda mlaji ni miongoni mwa kazi zake. Hata hivyo, mteja mwenye simu moja mbovu ni nadra kwenda huko. Anakwenda kwa majirani, na habari zake zinafika sokoni kabla ya barua yoyote ya wakili.

Hesabu

Mwenye duka naye si adui wa mteja katika jambo hili. Mara nyingi yeye ndiye anayebanwa pande zote mbili. Chukua mfano wa muuzaji anayenunua simu 20 kwa shilingi 185,000 kila moja na kuziuza kwa shilingi 200,000. Faida yake, kabla ya pango na umeme, ni shilingi 300,000. Simu moja ikirudi naye akaibadilisha kutoka rafuni, huku mwagizaji akikataa kumrejeshea, faida inashuka hadi shilingi 115,000. Zikirudi mbili, amepata hasara ya shilingi 70,000. Amefanya kazi mwezi mzima kulipia kosa la kiwanda.

Ndiyo sababu muuzaji anamkimbia mteja: si roho mbaya, bali hana mtu nyuma yake. Mali iliyoingizwa kwa njia za panya, au iliyonunuliwa Dubai bila kupitia kwa wakala rasmi, ina bei nafuu kwa sababu mara nyingi dhamana imeondolewa ndani ya bei hiyo. Mnunuzi wa jumla anayefurahia punguzo hilo amechukua deni la mtengenezaji na kulibeba mwenyewe, pengine bila kujua.

Fundisho la 2016

Wapo wanaoamini kwamba kumbadilishia mteja simu haraka kunatosha. Mkasa wa Samsung unaonyesha vinginevyo. Simu ya Galaxy Note 7 iliingia sokoni Agosti 19, 2016. Baada ya taarifa za simu kushika moto, kampuni ilitangaza Septemba 2 kwamba itazibadilisha zote zilizokwisha toka, zipatazo milioni 2.5. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa, lakini wa haraka mno. Oktoba 5, ndege ya Southwest Airlines ilihamishwa abiria wake huko Louisville, Marekani, baada ya simu kufuka moshi. Simu hiyo ilikuwa mojawapo ya zile zilizotolewa kuwa badala. Siku sita baadaye kampuni iliacha kabisa kuitengeneza Note 7, na hisa zake zikaanguka kwa asilimia 8 kwa siku moja. Matarajio ya faida ya robo ile ya mwaka yalipunguzwa kutoka won trilioni 7.8 hadi trilioni 5.2.

Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017, baada ya kupima simu 200,000 na betri 30,000, ulionyesha kwamba betri za watengenezaji wawili zilikuwa na kasoro mbili tofauti. Za kwanza zilibanwa pembeni ndani ya kasha lake. Za pili zilikuwa na dosari za uchomeleaji. Kumbe mteja alibadilishiwa simu kabla chanzo cha ubovu hakijajulikana. Kosa la kwanza soko lingelisamehe. Kosa la pili, lililotolewa kama tiba ya la kwanza, ndilo lililoua bidhaa.

Samsung iliweza kubeba pigo hilo kwa sababu ina biashara nyingine kubwa, hasa ya kumbukumbu za kompyuta. Duka la Kariakoo halina mto huo wa kuegemea.

Kwa mwekezaji mdogo

Mwekezaji anayetazama hisa za kampuni ya vifaa vya umeme asiishie kwenye mauzo. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 37 inaitaka kampuni itenge akiba kwa ajili ya madai ya dhamana inayotarajia kulipa. Mauzo yakipanda huku tengo hilo likishuka bila maelezo, huenda ubora umeongezeka, lakini pia huenda faida ya leo imekopwa kutoka kwa wateja wa kesho. Kwa upande mwingine, Transsion, yenye chapa za Tecno, Itel na Infinix na iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Shanghai mwaka 2019, ilijijengea Afrika mtandao wake wa matengenezo uitwao Carlcare. Mteja anayejua mlango wa kugonga hununua kwa moyo mkunjufu.

Muuzaji wa reja reja, kabla ya kulipia mzigo, amtake mwagizaji ajibu kwa maandishi: nani anagharimia simu inayorudi, itakaa siku ngapi, na je, simu ya badala ina muda mpya wa dhamana au inamalizia ule wa zamani? Asiyeweza kujibu hana dhamana ya kuuza. Namba ya utambulisho ya kila simu, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, iandikwe kwenye risiti na kwenye daftari, ili asije mtu na simu isiyotoka dukani hapo. Simu iwashwe na kujaribiwa mbele ya mteja, na mambo yasiyohusika na dhamana yasemwe kabla fedha hazijabadili mikono. Sehemu ya faida ya kila simu iwekwe kando. Na simu isiyo na dhamana iuzwe kwa kusema hivyo waziwazi, kwa bei yake.

Kufanya hivyo kutapandisha bei kidogo, na jirani anayeuza rahisi atavuna kwa muda. Lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika biashara ya simu mali inayoisha kwanza ni imani ya mteja. Hiyo haiagizwi Dubai.